Reneti ya kuvu na uchungu wa jibini: lawama nyingi si zake

Lawama dhidi ya reneti ya kuvu, yaani kimeng'enya cha kugandisha maziwa kinachotokana na kuvu badala ya tumbo la ndama, ni ile ile miaka yote: inatia jibini uchungu. Wanaosema hivyo hawajakosea kabisa. Kimeng'enya cha kuvu Rhizomucor miehei huikata kapa-kaseini, mojawapo ya protini za maziwa ziitwazo kaseini, mahali pale pale inapokatwa na kaimosini, kimeng'enya cha tumbo la ndama, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106, na maziwa yakaganda. Ila cha kuvu hakiishii hapo. Huendelea kuzikata kaseini nyingine. Baadhi ya vipande huondoka na maji ya jibini, hasara kwa mtengenezaji, na vingine hubaki ndani na kuleta uchungu kadiri miezi inavyopita. Kwa jibini ya kukomaa mwaka mzima hoja hiyo ina uzito, na kanuni za Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Italia, zinadai reneti ya ndama.

Msindikaji mdogo anayeuza jibini laini ndani ya wiki mbili yuko mbali na hali hiyo. Uchungu hauna muda wa kujitokeza, isipokuwa ameukaribisha mwenyewe, na mara nyingi huukaribisha kwa kuzidisha kipimo. Reneti ya nguvu ya IMCU 200 kwa mililita (IMCU ni kipimo cha nguvu ya kugandisha maziwa) hutosha mililita 20 hadi 25 katika lita 100 za maziwa yenye nyuzi 32 hivi. Maziwa yakichelewa kuganda, mkono wa kwanza huenda kwenye chupa. Tatizo huwa kwingine: reneti imechanganywa na maji ya bomba yenye klorini, ambayo huua kimeng'enya; maziwa yamepoa; au yamechemshwa kupita kiasi, na hayo hata ukiongeza reneti hayatashikana vizuri. Maziwa yaliyopasteshwa ipasavyo, yaani yaliyopashwa joto kuua vijidudu, huhitaji kalsiamu kloraidi, chumvi inayoyasaidia kushikana, gramu 10 hadi 20 kwa lita 100. Kipimo kikirudufiwa, nguvu ya kukata protini nayo hurudufika, kisha kuvu ndiyo inayolaumiwa.

Halafu kuna mlaji. Reneti ya ndama huacha swali la namna mnyama alivyochinjwa, na asiyekula nyama haigusi kabisa. Ya kuvu haipiti machinjioni. Kaimosini ya kuchachusha, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1990, hukata kwa usahihi zaidi na ningeichagua kwa jibini ya kukomaa, ingawa hutengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni la ndama, jambo ambalo baadhi ya wanunuzi hawalitaki.

Kasoro moja ya reneti ya kuvu siipuuzi: aina ya zamani hustahimili joto la upasteshaji na kubaki hai kwenye maji ya jibini. Ukiyatumia maji hayo katika bidhaa nyingine yenye maziwa, itaganda. Kabla ya kununua, uliza kama ni ile iliyooksidishwa, yaani iliyotibiwa kikemikali, ili ife kwa joto.