Kitabu cha 2014 si noti ya elfu ya zamani

Mnakumbuka 2019, Benki Kuu ilipotupa hadi Septemba 30 turudishe noti za zamani za elfu moja, la sivyo tubaki na karatasi za kufungia njugu? Siku hizi mgeni akitokea kwenye meza ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika) hapa Nairobi na kitabu cha wachezaji cha 2014, anaangaliwa vivyo hivyo. "Hiyo ilishapitwa, nunua ya 2024." Anunue na nini? Vitabu vya msingi ni vitatu, kila kimoja dola 49.99. Hapo ni kama shilingi 19,500, na bado mzigo wenyewe hujaulipia. Mzigo hutozwa kwa kilo, na kila kitabu ni kurasa 384 na jalada gumu.

Wizards of the Coast, wachapishaji wa D&D, si Benki Kuu. Hawawezi kufuta kilicho kwenye rafu yako.

Kuhusu kasi ya matoleo, niseme ukweli hata kama unaniuma: si mbaya sana. Kampeni, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, ya kumpandisha mhusika kutoka ngazi ya 1 hadi ya 10, mkipanda ngazi moja kila vikao vitatu, ni vikao 27. Mkikutana kila baada ya wiki mbili, huo ni mwaka na zaidi, kabla ya kuhesabu mvua ya Aprili, mitihani, na yule mwenzenu ambaye kila Jumamosi amekwama Thika Road. Tuseme mwaka mmoja na nusu. Toleo la pili la AD&D (D&D ya zamani) lilikaa kutoka 1989 hadi 2000. La tano, hili la 2014, lilikaa miaka kumi. Hizo ni kampeni sita au saba, nani anazimaliza? Aibu ilikuwa 2003, toleo la 3.5 lilipoletwa miaka mitatu tu baada ya la tatu, watu wakiwa kwenye kampeni ya pili.

Kinachonikera ni toleo nusu. La nne, la 2008, lilibomoa nyumba nzima mchana kweupe. Watu walikasirika, kampuni ya Paizo ikatoa mchezo wake, Pathfinder, mwaka uliofuata juu ya mifupa ya 3.5, lakini angalau hakuna aliyejaribu kumleta mhusika wake wa zamani bila kumwandika upya. Hili la 2024 limepaka rangi, likasogeza kuta mbili, kisha likatuambia nyumba ni ileile. Halafu tunagonga vichwa gizani.

Weka vitabu vyote viwili mezani uone. Kasisi wa kwanza anatumia uchawi wa kuponya majeraha kwa kitabu cha 2014: dadu moja ya pande 8, wastani 4.5. Wa pili, kwa cha 2024: dadu mbili, wastani 9. Jina ni lilelile, ngazi ileile, na mmoja anarusha dadu mara mbili ya mwenzake. Paladini, yaani shujaa mtakatifu, wa 2014 akigonga mara mbili kwa zamu anaweza kumwaga pigo lake takatifu mara zote mbili. Wa 2024 analipa kitendo cha ziada, ambacho ni kimoja kwa zamu, kwa hiyo ni mara moja basi. Uchovu ndio unaoleta kelele zaidi. Zamani ulikuwa jedwali la hatua sita, kila moja na adhabu yake. Sasa kila hatua inakata 2 kwenye dadu ya pande 20 na futi 5 za mwendo. Na mbwa mwitu wa 2014 akikuuma unapewa nafasi ya kujizuia usianguke. Wa 2024 akikuuma uko chini, na wenzake wawili wanakuja.

Dawa yake ni kuamua kabla ya dadu ya kwanza: kampeni moja, kitabu kimoja cha kanuni, na viumbe wa toleo hilohilo. Mhusika wa 2014 akiingia meza ya 2024, mpe kipaji kimoja cha asili, maana usuli wake wa zamani hauna. Tawi la taaluma yake (ukasisi, upaladini na kadhalika) lisubiri ngazi ya 3 kama la wengine. Akiwa mpiganaji, achague silaha zake za umahiri. Kisha kila uchawi alionao usomwe upya kwenye kitabu kipya, mmoja mmoja, maana hapo ndipo ugomvi hujificha. Ni kazi ya nusu saa.

Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, wa 1981, imefika toleo la saba, na visa vyake vya zamani bado vinachezeka: zidisha sifa za mhusika kwa 5, nguvu 13 iwe 65, endelea. Kumbe inawezekana.

Sawa, kitabu cha 2024 kina faharasa ya kanuni mwishoni, na kutafuta kitu humo ni rahisi mno. Nimekubali. Tusonge.

Asiye na kitabu chochote asisubiri mjomba atoke Marekani. Kanuni za msingi za 2014, zile za SRD 5.1 (hati ya kanuni ambayo wachapishaji wameitoa bure), ziko chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, na za 2024 zikafuata 2025. Leseni hiyo hairudishwi nyuma, kwa hiyo kuchapa ni halali, mradi ile taarifa ya leseni isiondolewe. Usitarajie kila kitu: kila taaluma ina tawi moja tu. 5.1 ni kama kurasa 400. Saiba ikikutoza shilingi 5 kwa ukurasa, ni 2,000. Chapa pande mbili. Usikubali zifungwe zote kwa spairo moja, plastiki itakatika katikati kabla ya ngazi ya 3. Gawa mara tatu: kanuni, uchawi, viumbe. Cha viumbe akae nacho mwendesha mchezo peke yake. Cha uchawi ndicho kitakachozunguka meza nzima na vidole vya mafuta ya chipsi, kwa hiyo hicho kipewe karatasi ya gramu 80 na jalada la plastiki mbele na nyuma.