Kozi ya Fasihi ya Zama za Kati: Wanafunzi Wasome Asilia au Tafsiri?

Ukiwasikiliza wanafunzi wa idara za Kiingereza waliopitia kozi ya fasihi ya Zama za Kati (takriban mwaka 500 hadi 1500), utasikia kauli mbili zisizopatana. Wapo wanaosema hakuna somo lililowafundisha kusoma kama hilo. Wapo wanaosema walimaliza muhula wakiwa wameitazama faharasa ya maneno kuliko shairi lenyewe. Mara nyingi hawa wote walikaa darasa moja, chini ya mhadhiri mmoja, na naamini kila mmoja anasema kweli. Wanachotofautiana ni lugha: je, maandishi haya yasomwe kama yalivyoandikwa, au kwa tafsiri ya Kiingereza cha leo?

Vyuo havifanani katika hili. Kwa kawaida kozi huanzia kwenye Kiingereza cha Kale, hasa Beowulf, utenzi wa mishororo 3,182, kisha hushuka hadi Kiingereza cha Kati, kilichofuata baada yake, cha mshairi Geoffrey Chaucer na visa vya Mfalme Arthur. Baadhi ya idara hudai asilia tangu wiki ya kwanza. Nyingine hutumia tafsiri tupu. Nyingi huchanganya, na mchanganyiko huo ndio huzaa manung'uniko mengi.

Malalamiko yenyewe yana uzito. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika kwa lahaja ya London, ambayo iko karibu na Kiingereza kilichokuja kuwa sanifu. Mwanafunzi akivumilia wiki chache, macho huzoea na kitabu chake cha hadithi za mahujaji wa Canterbury huanza kufunguka. Halafu anapewa Sir Gawain and the Green Knight, shairi la enzi hiyohiyo kuhusu shujaa wa Mfalme Arthur, lakini la lahaja ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, lenye msamiati ambao Chaucer hakumwandalia. Aliyedhani amevuka mto anakuta mwingine mpana zaidi. Saa mbili zinaishia kwenye ukurasa mmoja, na kesho yake kwenye semina anatakiwa azungumzie heshima, aibu na toba, wakati bado hana hakika nani amembusu nani chumbani.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kufundisha au kusoma kozi hii. Mwanafunzi hutafuta tafsiri mtandaoni, huisoma kwa kujificha, kisha huandika insha akijifanya amesoma asilia. Mtihani nao huweka kifungu cha kutafsiri na kutolea maoni, kwa hiyo wajanja hukariri tafsiri nzima na kuomba Mungu kifungu kitoke mle. Huko si kusoma fasihi. Anayefanya kazi jioni ili ajilipie ada ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu asilia hula muda, na muda ndicho kitu asicho nacho.

Hata hivyo, hoja ya usawa ina upande wake wa pili ambao wakosoaji huusahau. Waliosoma shule zenye vitabu na walimu wengi hufika chuoni wakiwa wameshamsoma Shakespeare, na huenda hata Chaucer kidogo. Kiingereza cha Kale karibu hakuna aliyekigusa. Wote wanaanza sifuri: wanakutana na herufi wasizozijua, vitenzi vinavyonyambuliwa kwa namna ngeni, na nomino zinazobadilika kulingana na nafasi yake katika sentensi. Mwanafunzi aliyezoea kunyamaza kwenye semina za riwaya, kwa kuona wenzake wanajua zaidi, hapa anaweza kuwa wa kwanza kuielewa sentensi. Ukiiondoa asilia kwa kisingizio cha kumlinda, unamnyang'anya uwanja mmoja uliokuwa sawa.

Ipo pia sababu ya ndani zaidi ya kutetea asilia, na Beowulf yenyewe ndiyo inayoionyesha vizuri. Utenzi huo umetufikia kwa mswada mmoja tu, ulionakiliwa karibu na mwaka 1000. Mwaka 1731 moto ulizuka Ashburnham House, London, ulikokuwa umehifadhiwa, na kingo za kurasa zikaungua. Ukiacha moto huo, ukurasa unaoanza kisa cha joka umechakaa vibaya na maandishi yake yamefifia. Hapo tunaambiwa kwamba mtu fulani aliiba kikombe kwenye hazina ya joka, na wizi huo ndio unaoleta hasira ya joka na hatimaye kifo cha shujaa mwenyewe, Beowulf. Mtu huyo alikuwa nani? Pale inapotajwa hadhi yake, kinachosomeka kwa uhakika ni herufi ya kwanza tu. Wahariri wengi wamejaza pengo kwa neno la mtumwa. Wengine wamependekeza neno la mfuasi wa heshima wa bwana mkubwa, kwani nalo huanza na herufi hiyohiyo.

Fikiria mwanafunzi anayeandika insha kuhusu matabaka katika utenzi huu. Akiwa na tafsiri peke yake, atakuta "mtumwa" imechapwa bila alama yoyote, na atajenga hoja nzima juu ya neno ambalo mswada hauna. Akiwa na asilia iliyohaririwa vizuri, ataona mabano, ataona maelezo ya chini, na atalazimika kujiuliza kwa nini msomaji wa leo anaona ni jambo la kawaida mwizi awe mtumwa. Swali hilo ni zito kuliko insha aliyokusudia, na tafsiri haiwezi kumpa.

Sauti nayo ina nafasi yake. Mashairi haya yalitungwa kwa watu waliozoea kusomewa. Katika Gawain kila mshororo mrefu unafungwa kwa sauti za mwanzo zinazorudiwarudiwa, na Chaucer anapotaja shujaa wake mpanda farasi (knight), herufi zote ambazo Kiingereza cha leo kimezinyamazisha hutamkwa. Wahadhiri wanaowasomesha wanafunzi kwa sauti, wawili wawili, bila kuwacheka, hupata darasa tofauti kabisa na wale wanaoanza na jedwali la sarufi. Woga hupungua mdomoni kabla haujapungua kichwani.

Mjadala ulihamia jukwaa kubwa zaidi mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kilipopendekeza kuacha kufundisha lugha ya Kiingereza na fasihi ya Zama za Kati. Badala yake kilitaja, pamoja na mengine, moduli za rangi, jinsia na mtaala ulioondolewa ukoloni, kikisema hayo ndiyo wanafunzi wanayoyatarajia. Matarajio hayo nayaheshimu. Asiyejiona popote katika orodha ya vitabu ana haki ya kuuliza orodha hiyo ni ya nani. Ila pendekezo lenyewe lilichukulia kwamba rangi haimo katika Zama za Kati, na hilo si kweli. Katika Parzival, utenzi wa Kijerumani wa Wolfram von Eschenbach, nduguye shujaa kwa baba, Feirefiz, ni mwana wa malkia mweusi Belacane. Waholanzi wana kisa cha Moriaen, shujaa mweusi anayefika nchi ya Arthur akimtafuta baba yake. Mtafiti Geraldine Heng alichapisha mwaka 2018 kitabu kizima kinachodai kwamba mawazo ya rangi yalishajengwa katika Ulaya ya enzi hizo.

Wala yaliyomo si ya kufurahisha yote. Wimbo wa Roland, utenzi wa Kifaransa, umewageuza Wabaski waliolishambulia jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, mwaka 778 kuwa Waislamu. Hadithi ya Mtawa Mkuu katika Chaucer inawachafua Wayahudi, takriban karne moja baada ya kufukuzwa Uingereza mwaka 1290. Hadithi ya Msimamizi, ya Chaucer huyohuyo, ina wanafunzi wawili wanaowaingilia mke na binti wa msagishaji bila ridhaa, na msimulizi anataka tucheke. Mwanafunzi anayekasirika hapo amesoma vizuri, na mhadhiri anayemwambia "hizo zilikuwa zama zao" amemjibu vibaya.

Chaucer mwenyewe amewahi kusomwa chini ya kivuli cha hati moja. Ni ya mwaka 1380, na ndani yake Cecily Chaumpaigne anamwachilia huru kuhusu dai ambalo wengi walilielewa kuwa la ubakaji. Oktoba 2022 watafiti Euan Roger na Sebastian Sobecki walitangaza hati nyingine zilizoonyesha kwamba wawili hao walikuwa upande mmoja, wakishtakiwa na mwajiri wa zamani wa Chaumpaigne chini ya sheria za kazi. Uzembe wa hadithi zake kuhusu wanawake haukufutika kwa hilo. Ila wanafunzi wa mwaka ule walishuhudia jambo lililoaminiwa kwa zaidi ya karne likibadilika kwa sababu mtu alirudi kwenye maandishi ya awali.

Kwa hiyo nasimama upande wa asilia, kwa sharti. Hakuna anayelalamika kwamba Dante aliyeandika Kiitaliano, au Marie de France aliyeandika Kifaransa, husomwa kwa tafsiri katika kozi hizohizo, basi ukali wa kukataza tafsiri ya Gawain hauna mantiki. Tafsiri iwekwe mezani waziwazi, kando ya asilia, na matoleo ya bure ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Rochester, yenye maana za maneno pembeni, yatumike. Vitabu vipunguzwe: vitatu vya asilia kwa muhula vinatosha, vingine visomwe kwa tafsiri bila aibu. Mtihani wa kutafsiri bila faharasa ufutwe, alama ziende kwenye uchambuzi wa karibu wa kifungu alichokichagua mwanafunzi, na darasani wapewe saa za kusoma pamoja. Idara isiyoweza kutoa saa hizo ni heri ifundishe kwa tafsiri nzuri na iseme hivyo kwenye maelezo ya kozi, kabla wanafunzi hawajajiandikisha.