Ukoko wa Malaria

Msimu wa karafuu uliopita mpwa wangu alivuka kutoka Tanga na mwenzake, wamekuja Pemba kuchuma. Siku ya sita akaanza kutetemeka. Tulimfunika mablanketi mawili na meno bado yakawa yanagongana. Asubuhi nikampakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, na baada ya robo saa mistari ikawa miwili. Malaria. Akapewa dawa mseto, tukarudi nyumbani.

Nikadhani yamekwisha. Siku ya pili yake, jua la saa nane, akabisha hodi kijana mmoja wa wilayani ana mkoba na kishikwambi. Habari za mgonjwa wetu zilikuwa zimeshamfikia kwa simu kutoka kituoni, na alitaka watu wote wa nyumba ile wapimwe. Bibi, mwenye miaka themanini na ushei, akaficha mkono ndani ya kanga.

"Mie sina homa, mjukuu wangu. Wanitobolea nini?"

"Najua, bibi. Wenye homa huja wenyewe kituoni. Mimi nawafuata wasiokuwa nayo."

Tulitobolewa watu tisa. Aliyekutwa nayo ni yule mwenzake mpwa wangu, mzima kabisa, aliyekuwa barazani anacheza bao na kumcheka mgonjwa. Kama asingepimwa angekaa kwetu msimu mzima na vimelea vyake kwenye damu, analala bila chandarua, na mbu wetu wangejua la kufanya.

Kipimo kile, dawa ile, kishikwambi na petroli ya pikipiki ya yule kijana, kwa miaka mingi sehemu kubwa imelipwa na fedha za nje. Wakubwa wa wafadhili hao ni Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa 2002, na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani uliotangazwa 2005. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto 2003, ikaanza kupiga dawa majumbani 2006, vyandarua vyenye dawa vikagawiwa mpaka vijiji vya mwisho, na watu wenye vimelea wakashuka chini ya asilimia 1. Kuna watoto wa skuli leo hawajawahi kuiona degedege ya malaria. Sisi wa zamani tulizika wenzetu wa darasa la kwanza.

Sasa tumebakiwa na ukoko. Aliyewahi kuosha sufuria la wali wa shughuli anajua: wali wenyewe hupakuliwa kwa dakika chache, ukoko unataka kulowekwa, kukwanguliwa, na mtu mwenye subira. Kumsaka mgonjwa mmoja kijijini, na jirani yake asiyejua kama anaumwa, ni kazi ghali kuliko kugawa vyandarua kwenye gari. Na wafadhili wanapogawa fedha hutazama ukubwa wa ugonjwa na uwezo wa nchi. Hesabu hiyo ina haki yake, siikatai, lakini kwa mahali kama kwetu inageuka adhabu: unavyozidi kuupunguza ugonjwa ndivyo unavyozidi kuonekana huna shida.

Tulishapita njia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilikuja visiwani na kampeni ya kupiga DDT, dawa ya kuua mbu. Bibi anaikumbuka, watu wa mabomba mgongoni na kuta zilizobaki na madoa meupe. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasitishwa, na ugonjwa ukarudi ukatutawala kwa miongo mingine. Leo ukirudi utakuta hali mbaya zaidi, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kuumwa malaria mwili wake hauijui kabisa.

Ndiyo maana habari za mkutano wa wafadhili wa Johannesburg zilinikosesha usingizi. Mfuko wa Dunia ulikuwa ukitafuta dola bilioni 18 kwa miaka mitatu. Novemba 2025 ahadi zilizokusanywa kwenye mkutano huo zilikuwa kama bilioni 11.3, wakati mkutano kama huo wa New York wa 2022 ulipata kama bilioni 14.25. Januari ya mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilikuwa imeshasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai USAID, shirika lake la misaada, likawa limefungwa. Mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, karibu wote Waafrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Najua jibu la barazani: fedha za wafadhili zinaliwa. Nyingine zinaliwa, kweli. Semina za siku tatu hotelini kufundisha jambo la saa moja, posho, fulana, kofia. Hayo sitayatetea, na mfadhili akikata fungu la semina nitampigia makofi. Akate huko, aache petroli ya yule kijana.

Na sisi wenyewe tutoe. Abuja, mwaka 2001, serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nyingi, yetu ikiwemo, zimebaki na ahadi. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na tangu Oktoba mwaka huo mgeni wa nje anatozwa dola 44 za bima. Dola moja tu kwa kila mgeni ingetosha kuweka pikipiki barabarani mwaka mzima, na ningependa kumsikia mwakilishi wangu akilisema hilo Barazani. Ila haitanunua vyandarua na dawa ya kupiga nyumba za watu karibu milioni 1.9, na haitavuka bahari.

Maana hata Pemba ikisafishwa ikawa kama sahani, boti ya Tanga itashusha abiria kesho. Kule Kagera wameshaonekana wagonjwa ambao vimelea vyao vinachelewa kufa kwa dawa mseto. Bajeti yetu haina njia ya kumtibu mtu wa Muheza au wa Kagera kabla hajapanda boti. Fedha za pamoja za dunia zina njia hiyo, na ndizo ninazoziomba, bila aibu, na hesabu zake zibandikwe ukutani kwa sheha kila mtu azisome.

Mpwa wangu kapiga simu juzi, anasema msimu ujao anakuja tena, safari hii na wenzake watatu. Nilipomwambia bibi, hakuuliza habari za karafuu. Aliuliza kama yule kijana wa kutoboa vidole bado yuko kazini.