Usikopee SQE Kabla Hujampata wa Kukulipia

Vijana wetu wanaomaliza shahada ya sheria hapa Uingereza huniuliza swali moja: nianze lini kusomea SQE, yaani mitihani ya kufuzu kuwa solisita (wakili wa hapa)? Jibu langu huwaudhi wazazi kuliko vijana wenyewe. Nasema, usianze. Tafuta kwanza nani atalipa.

Mzazi anaona mwanawe "anakaa tu". Ameshawaambia ndugu wote kuwa mtoto anakuwa wakili, na sasa anataka kuona ada imelipwa na darasa limeanza. Namwelewa. Lakini njia ya kuwa solisita Uingereza na Wales ilibadilika Septemba 2021, na wengi bado wanaipanga kwa ramani ya zamani. Siku hizi unahitaji shahada ya somo lolote au sifa inayolingana nayo, mitihani miwili ya SQE, miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambulika, na uchunguzi wa tabia yako. Hakuna tena sharti kwamba kozi itangulie kazi. Unaweza kufanya kazi kwanza, ukasoma baadaye, au vyote kwa pamoja.

Kwenye karatasi huo ni mlango uliofunguka. Pesa ndiyo haijafunguka. Ada ya mitihani peke yake ilianza na pauni 3,980 na imekuwa ikipanda, sasa inakaribia pauni 5,000. Hiyo ni ya kukaa kwenye kiti tu. Kozi ya kujiandaa ina gharama yake, tena ya maelfu. Halafu kuna kufeli. SQE1, mtihani wa kwanza kati ya ile miwili, ni maswali 360 ya kuchagua jibu, kwa siku mbili, na kuna misimu ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa wameanguka: Julai 2024 walifaulu asilimia 44. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu ndani ya miaka sita, na kurudia ni kulipa tena. Hata wasahihishaji hukosea. Aprili 2024 watahiniwa 175 walioambiwa wamefeli waliarifiwa kwamba kumbe walifaulu. Fikiria aliyekuwa amekwisha kumwambia mwajiri wake habari mbaya.

Mkopo wa serikali nao haupatikani kwa kozi ya SQE ikiwa peke yake. Vyuo vimeligundua hilo, vikaiweka kozi ndani ya shahada ya uzamili ili mwanafunzi akopesheke. Sisemi ni ulaghai, ila ukichukua shahada ya uzamili ambayo hukuihitaji ili upate mkopo wa kulipia mtihani, ujue nani amefaidika. Kwa Waislamu, na katika sisi watu wa pwani ni wengi, liko suala la riba. Serikali ilikusanya maoni kuhusu mkopo usio na riba mwaka 2014, sheria ya kuuruhusu ikapita 2017, na wanafunzi wangali wanasubiri. Nawajua waliochagua kazi ya dukani na kujilipia kidogo kidogo kuliko kuugusa mkopo ule. Siwacheki hata kidogo.

Nani basi hulipa? Kampuni kubwa za London hulipa kozi, mitihani, na posho ya kujikimu ambayo kwa nyingi ni pauni 17,000 au zaidi. Huajiri miaka miwili kabla ya kuanza kazi, na nyingi huchukua watu kutoka kwa wale waliowaona kwenye mafunzo ya likizo. Hapo ndipo anayejilipia mapema anapojiponza: zipo kampuni zinazowapeleka wote chuo kimoja kwa pamoja, na pesa uliyokwisha kutumia kwingine hairudi. Kwa asiye na uwezo upo mfuko wa Law Society, chama cha masolisita, uitwao Diversity Access Scheme, unaolipia kozi na kukupa mlezi wa kitaaluma. Wanaotaka sheria ya watu wa kawaida, yaani nyumba, uhamiaji, mafao, waitazame Justice First Fellowship, ufadhili wa kufuzu usolisita katika sheria hiyo. Nafasi ni chache kote huko. Kijana wa miaka 18 ambaye hajaenda chuo kikuu anaweza kuwa solisita kwa njia ya uanagenzi, miaka kama sita, akilipwa mshahara na asidaiwe ada. Wazazi wetu huidharau njia hii kwa sababu haina picha ya joho mapema. Mimi naona ndiyo bora kuliko zote, na kwa kuwa kuanzia Januari 2026 serikali ya England imeubana ufadhili wa uanagenzi wa ngazi hiyo, ukabaki hasa kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21, mwenye mtoto wa kidato asichelewe.

Sasa fomu za maombi. Sisi tumelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Fomu ya kampuni ya mawakili hapa inataka chema kijitembeze, tena kwa maneno 250. Nimesoma rasimu nyingi za vijana wetu, na ugonjwa ni uleule: wanaandika "tulisaidia jumuiya" pale walipofanya wao peke yao, na wanaificha kazi ya kweli. Binti aliyemsimamia baba yake kwenye barua zote za halmashauri tangu akiwa na miaka 13 anaandika kuhusu klabu ya midahalo. Aliyehesabu fedha za duka kila jioni haandiki kabisa. Yaandike. Na usitume fomu hamsini zilizonakiliwa. Tuma chache, na uzitume mapema, maana kampuni nyingi huanza kuita watu kabla ya siku ya mwisho.

Ukikosa hizo zote, uzoefu wa kazi ndio mkombozi. Miaka miwili hiyo unaweza kuigawa katika taasisi zisizozidi nne. Kliniki ya sheria ya chuo inahesabika, na kazi ya usaidizi wa kisheria kwenye kampuni ndogo ya mtaani inahesabika. Kituo cha sheria kinachohudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi kinamhitaji anayejua Kiswahili, na kazi ya kesi pale, ikisimamiwa vizuri, inahesabika. Solisita anayeusainia uzoefu wako anathibitisha kwamba ulipata nafasi ya kujifunza stadi zinazotakiwa, hatoi alama. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza nani atasaini, na uweke daftari la ulichofanya. Mwajiri mmoja alimzungusha ndugu yangu miezi kwa saini tu.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi hesabu ni kali zaidi. Viza ya mhitimu, ile ya kubaki na kufanya kazi baada ya chuo, ilikuwa miaka miwili, ikitosha uzoefu huo barabara. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi 18 kwa wenye shahada ya kwanza. Kampuni ndogo kukudhamini viza ya kazi ni nadra.

Na wewe uliyekwisha kuapishwa uwakili Tanzania au Kenya, husikii haya kwa uzito uleule: hudaiwi miaka miwili ya uzoefu, na waweza hata kuomba usamehewe SQE2. SQE1 hufanyika kwenye vituo vya kompyuta nchi nyingi. Sehemu ya mdomo ya SQE2 ndiyo inayokulazimu kupanda ndege. Ila cheti cha solisita hakiji na kibali cha kufanya kazi London, kwa hiyo usifunge ofisi yako bado.