Kabla ya kadi ya kliniki

Wajawazito wengi nchini Tanzania hufungua kadi ya kliniki mimba ikiwa imeshavuka miezi mitatu. Kufikia hapo, sehemu ya mtoto inayokuwa ubongo na uti wa mgongo imekwisha kujifunga, kwa kuwa hufanya hivyo ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Asidi ya foliki, vitamini inayokinga mgongo wazi (kasoro ya uti wa mgongo kutojifunga), ilipaswa kuwa mwilini mwa mama kabla hata hajajua kwamba ana mimba. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huu kwa wanaotaka afya ya mama na mtoto ihudumiwe katika mkondo mzima wa maisha, kuanzia utoto na ujana wa msichana, badala ya kusubiri tumbo lionekane.

Wanaosita wana takwimu za kujibu. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kuwa makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Katika kipindi hicho, uzazi wa kituoni ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, ilhali upungufu wa damu kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ulishuka kidogo tu, kutoka asilimia 45 hadi 42. Kwa hiyo, wanasema, fedha ziende kwenye chumba cha upasuaji, damu salama na gari la dharura, vitu vinavyookoa usiku huu huu, kwani lishe ya binti wa miaka 12 italipa baada ya muongo mzima.

Hoja hii ni nzito, na waziri mwenye bajeti finyu hawezi kuipuuza. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga katika mwezi wa kwanza vilibaki karibu palepale, kutoka 25 hadi 24 kwa kila vizazi hai 1,000, pamoja na kwamba akina mama wengi zaidi walijifungulia kituoni. Ni kweli kwamba wodi za wachanga zina upungufu wake. Lakini mtoto njiti au mwenye uzito mdogo mara nyingi hubeba historia ya mwili wa mama, yaani utapiamlo, malaria na mimba za umri mdogo. Upungufu wa damu nao hauheshimu mpaka wa hoja hizi mbili, maana mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo huweza kuuawa na kiasi cha kutokwa damu ambacho mwenzake angekistahimili.

Ugumu uko katika utekelezaji. Kanuni za kurutubisha unga, yaani kuuongezea vitamini na madini, zimekuwapo tangu 2011, lakini mahindi ya vijijini husagwa katika mashine ndogo zisizoongeza chochote, na msichana aliyeacha shule hafikiwi na vidonge vya kuongeza damu vinavyogawiwa darasani.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: mtazamo huu unaweza kumgeuza msichana kuwa mama mtarajiwa tu, na baadaye kumlaumu kwa maradhi ya mwanawe. Kipimo changu ni kuuliza kama huduma ingemfaa hata asingezaa kamwe. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, inapita kipimo hicho, kwa sababu saratani hiyo humpata hata asiyewahi kubeba mimba.