Sipandii Kamba ya Stoo

Hivi karibuni nilimuuliza msimamizi mmoja wa kazi za miti ni vifaa gani atakavyopandia kijana aliyemwajiri, naye akanijibu kwa maneno machache: "Vifaa vipo stoo, bado vizima." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayezungumzia majembe na toroli. Tangu hapo kila nikilikumbuka jibu hilo hasira hunipanda, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe hapandi, na hakuna tawi litakalomuuliza iwapo alikuwa na uhakika.

Uzima wa kamba haupimwi kwa kuitazama ikiwa imening'inia msumarini. Kamba ya aina A inayokidhi kiwango cha Ulaya cha EN 1891 hutakiwa kuhimili kilonyutoni 22, yaani uzito wa tani mbili na kidogo, ikiwa mpya na bila fundo. Muuzaji hukitaja kipimo hicho kwa fahari, lakini hakisemi lolote kuhusu kamba ambayo imeshafanya kazi. Katika kamba za namna hiyo kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo, nacho kimefichwa ndani ya ganda. Kama kamba ni ya nailoni na siku moja ilisafirishwa nyuma ya gari, imelala kando ya betri inayovuja, asidi inaweza kuwa imeshazila nyuzi zake bila rangi ya ganda kubadilika sana. Poliesta huvumilia asidi kuliko nailoni, lakini nayo ina adui wake, ambaye ni kemikali kali za alkali. Ongeza hapo jua, mchanga uliopenya ndani na kusaga nyuzi kila kamba inapopinda, na ile sekunde moja ambapo mnyororo wa msumeno uligusa kamba, fundi akashukuru Mungu na kuendelea na kazi. Ni nani anayeyajua hayo yote? Ni yule aliyekuwa juu siku hiyo, na huenda ameshahamia kazi nyingine.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kamba, mkanda wa kupandia na kamba fupi ya kujifungia kwenye shina ni mali ya mpandaji mmoja, hata kama aliyelipa ni mwajiri. Ninamfahamu mpandaji mzee ambaye yuko radhi akupandie mti wako bila malipo kuliko kukuazima kamba yake. Wenzake humwita mchoyo. Mimi namwona kuwa ndiye pekee kati yao anayeweza kueleza kila alama iliyo kwenye kamba yake, kwa kuwa kila asubuhi huipitisha yote mikononi, akiikunja kidogo kidogo, akitafuta mahali palipolegea, palipobonyea au palipokuwa pagumu na kung'aa kama plastiki kutokana na joto.

Joto hilo ndilo wasimamizi wa stoo wasilolielewa kabisa. Fundo alilolieleza Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931, la kamba nyembamba inayozungushwa kwenye kamba kuu, pamoja na jamaa zake wanaotumiwa leo, hushika kwa msuguano, na mpandaji akishuka kwa kasi msuguano huo huzaa joto kali. Ndiyo maana kamba nyembamba nyingi za kufungia mafundo hayo huwa na nyuzi za aramidi, ambazo haziyeyuki. Sasa kamba hiyo nyembamba ndiyo inayochakaa mapema, na ikichakaa mtu wa stoo huchukua nyingine yoyote yenye unene unaofanana na kuiweka mahali pake. Iwapo aliyoichukua imetengenezwa kwa zile nyuzi nyepesi za polietilini zinazosifiwa kuwa na nguvu kuliko chuma, ajue kwamba huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hivi, ilhali poliesta huvumilia hadi karibu 260. Lakini rangi yake inapendeza, bila shaka.

Mkanda nao haushirikiwi. Mkanda uliorekebishwa kwa mtu mnene, kisha ukakazwa haraka haraka kwa kijana mwembamba, humbana mapajani na kumwinamisha vibaya, naye atafanya kazi kwa haraka ili ashuke. Kipande kifupi cha kamba kilicho mbele ya mkanda, ambacho pete husogea juu yake kutwa nzima, kinahitaji kutazamwa kila siku na mtu anayejua lini kilibadilishwa.

Nakiri, shingo upande, kwamba vifaa hivi ni ghali na kwamba si kila kitu lazima kiwe cha mtu mmoja. Karabina za chuma, yaani pete zenye mlango wa kufungua na kufunga, kapi na kamba za kuteremshia magogo zinaweza kukaa stoo, mradi kamba iliyowahi kudaka gogo linaloanguka isiguswe tena na mpandaji. Helmeti iwe ya kupandia, kwa kuwa ukanda wa kidevuni wa helmeti ya kawaida ya ujenzi umeundwa uachie mapema. Miiba ya chuma ya miguuni ni ya mti unaokatwa kabisa. Anayepogolea mti hai huku akiuchoma gome lote hajui alichokodiwa kufanya. Na anayewasha msumeno juu akiwa amefungwa mahali pamoja tu, sina la kumwambia.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kuinulia zinataka vifaa vinavyobeba watu vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miezi 6. Ni kanuni nzuri, lakini mkaguzi huona kinachoonekana. Anahitaji daftari lenye tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuanza kutumika na kila tukio lililokipata kifaa, na daftari hilo haliwezi kuandikwa kwa ukweli ikiwa kamba moja inapandiwa na watu watano. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi, hata vilivyokaa bila kutumika, na lebo ikishafutika ukomo huo hauwezi kuhesabiwa. Kifaa kisicho na lebo wala mwenyewe kikatwe vipande vifupi visivyoweza kufunga hata mzigo wa kuni. Na fundi akiacha kazi, aondoke na kamba na mkanda wake, au vikatwe siku hiyo hiyo, asirithishwe anayeingia.