Sikumeza! Ukweli Kuhusu Lile Jiwe

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu ana kidole chepesi, na video ameshaitawanya kila palipo na mtu mwenye simu. Kwa hiyo kabla hamjanitumia tena vile vikatuni vya mtu anayetapika, nipeni nafasi nisafishe jina, kama bado kuna la kusafisha.

Yeye anasema nilikula. Sikula. Anasema nilimeza. Sikumeza. Nililamba tu. Nikarudia. Na huko kurudia aliniomba yeye, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa hajawasha kamera. Hilo kwenye simulizi yake halimo, sijui limeangukia wapi.

Wageni wa mambo ya mawe mtauliza mtu mzima na akili zake analamba jiwe ili iweje. Haya, sikilizeni. Jiwe likikauka hupauka. Uso wake una mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, mwanga ukigonga hapo unatawanyika ovyo, nawe unaona ukijivu mtupu. Likilowa, maji yanajaza ile mikwaruzo na rangi inatoka: akiki inakuonyesha mistari yake, yaspi inakuwa nyekundu kwelikweli. Hiyo ndiyo sura ambayo jiwe litakuwa nayo siku likishang'arishwa. Sasa uko juu ya kokoto, jua linachoma, mto wenyewe uko kule chini, jiwe liko mkononi na roho inakuuma ujue lina nini. Maji ya karibu ni mate. Kila mwokota mawe ameshafanya hivyo. Anayekana, muulizeni tena akiwa peke yake.

Halafu kuna ile ya mfupa. Mfupa uliogeuka kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, mara nyingi hubaki na vitundu vidogo vidogo, na ukiugusa kwa ulimi unafyonza unyevu na kung'ang'ania. Jiwe la kawaida haling'ang'anii. Wachimba visukuku wanaijua mbinu hii, sikuitunga mimi. (Ila msianze kulamba kila mnachokiona. Sinabari ina zebaki, na yapo madini yenye aseniki. Ndiyo, najua ni nani anayewapa ushauri huu. Nyamazeni.)

Basi tulikuwa kwenye ule ukingo wa kokoto ambao mto huuacha wazi maji yakipungua. Asubuhi ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeshaokota akiki moja ya haja, na vipande vya kwatzi ambavyo nilivitumia kumhubiria rafiki yangu habari za Friedrich Mohs, yule mtaalamu wa madini, na kipimo chake cha ugumu cha mwaka 1812: talki, laini kuliko yote, 1, almasi 10, kwatzi 7, ndiyo maana kwatzi inakwaruza kioo na kioo hakiikwaruzi. Nikamwonyesha kwa chupa iliyovunjika. Akapiga miayo. Kwake yeye mawe yote ni mawe, amekuja kupiga picha.

Ndipo nikaliona.

Lilikuwa limelala peke yake juu ya jiwe bapa, palipoinuka kidogo. (Kwa nini liwe peke yake, juu ya jiwe bapa, palipoinuka? Swali zuri sana. Sikujiuliza.) Jeupe la kijivu, urefu wa kidole gumba na kidogo. Ncha moja ya mviringo, ya pili imechongoka, katikati limebinywa kiuno. Moyo ukaruka. Umbo lile nililijua vizuri kutoka kwenye picha. Nikamwambia rafiki yangu, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo: "Hii ni koprolaiti."

"Ndiyo nini?"

Hapa ningenyamaza ningekuwa na heshima yangu hadi leo. Lakini mimi nikaulizwa habari za mawe nanyamaza? Nikamweleza kwamba koprolaiti ni kinyesi cha kale kilichogeuka jiwe. Kwamba Mary Anning, yule mwanamke wa Lyme Regis kule Uingereza, alikuwa akiona mawe ya namna hiyo matumboni mwa mifupa ya iktiosauri, wale watambaazi wa kale wa baharini, na ndani yake magamba na miiba ya samaki. Kwamba mwaka 1829 mwanajiolojia William Buckland akayapa hilo jina, tena akawa na meza iliyopambwa kwa koprolaiti zilizokatwa na kung'arishwa, na meza hiyo imo hadi leo kwenye makumbusho ya mji huohuo. Nikamwambia usikunje uso, haina harufu wala uchafu, madini yalishachukua nafasi ya kila kilichokuwamo. Unaikata, unaing'arisha, unaivaa shingoni. Yote haya nikisema nimelishika kwa vidole viwili, nalizungusha juani.

Nikatoa ulimi.

Liling'ang'ania! Nikaachia mkono kidogo tu, nalo likabaki linaning'inia. Nikapiga kelele ya furaha, ndipo rafiki yangu akasema maneno yake ya kihistoria: "Subiri, rudia, sijawasha." Nikarudia. Ile sauti mnayoisikia kwenye video ikisema "Mihioni hahini!" ni mimi nikijaribu kusema "Milioni sabini!", yaani umri wake kwa miaka, jiwe likiwa ulimini. Mnaoitumia kama mlio wa simu, Mungu anawaona.

Nakiri dalili zilikuwepo. Lilikuwa jepesi mno. Nikajiambia ni vile vitundu. Ukucha wangu uliliachia alama, na ukucha kwenye kipimo cha Mohs ni kama 2.5 tu, kipimo kilekile nilichotoka kukihubiri muda si mrefu. Nikajiambia hilo ni ganda, ndani limeshageuka akiki. Mtu akitaka kudanganyika hakosi maelezo. Nikalifunga kwenye leso, nikaliweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Tukaenda moja kwa moja kwa mzee wetu wa mawe. Ndiye mwenye msumeno wa almasi, na siku kama ile karakana yake haikosi watu wanaosubiri zamu. Tulimkuta anachonga: kijiwe amekigandisha kwa nta kwenye ncha ya kijiti, anakizungusha taratibu kwenye gurudumu, maji yakidondoka juu yake muda wote, maana vumbi la mawe haya ukilivuta kavu linamaliza mapafu. Kila baada ya muda anakiinua, anakifuta kwa kidole, anakitazama ubavuni kuona mgongo umekaa sawa, anarudisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeokota nini leo?"

"Mzee, leo kaa chini kwanza."

Alikuwa ameshakaa. Nikafungua leso mbele ya watu wote, kunjo moja moja, nikatangaza. Nikasema nataka nilipasue katikati nitoe vidani viwili, na kimoja nimeshamwahidi mtu. (Huyo mtu ameniandikia leo asubuhi. Amesema nisijisumbue.)

Mzee akavaa lenzi yake. Akalitazama. Akaligeuza. Akalitazama tena. Akalisogeza puani kidogo, akalirudisha kwenye leso polepole sana, akanitazama mimi.

"Umeliosha?"

"Hapana mzee, nimelilamba tu."

Gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake. Mzee akanyoosha mkono, akalizima.

"Basi tulioshe kwanza."

Akasukuma mbele yangu beseni jeupe lenye maji safi, lile la kuoshea mawe kabla ya kubadilisha gurudumu. Watu wakasogea, wakainama. Rafiki yangu akapanda juu ya ndoo ili apate picha ya kutokea juu. Mimi nikalishusha jiwe langu majini kwa mikono miwili, taratibu, lisipate mshtuko.

Mapovu yakaanza kutoka. Madogo madogo, mfululizo.

"Mnaona?" nikawaambia. "Hiyo ni hewa ya kale."

Hakuna aliyejibu. Maji kuzunguka jiwe yakaanza kuwa na ukungu wa kijivu. Nikasema huo ni udongo wa juu. Ile ncha iliyochongoka ikalegea. Niliiona ikilegea, jamani, niliiona kwa macho yangu ikiinama upande mmoja, nami nikainyoosha kwa kidole. Ikabaki kwenye kidole. Pale ilipokatika pakachomoza unywele. Mmoja, mweusi, mfupi, umekakamaa. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi.

Harufu nayo haikuja kwa pupa. Ilipanda kwa adabu. Ikamfikia kwanza dada aliyesimama kushoto, nikaona pua yake ikikunjamana. Ikapita kwa kijana wa pili, akarudi nyuma hatua moja. Ikaja kwangu mwisho kabisa, na ilipofika tulijuana palepale, mimi na yeye, maana tulishakutana asubuhi.

Mnajua nilisema nini? Nilisema: "Ni salfa."

Mbele za watu. Nikiwa na kipande kidoleni.

Ndipo jiwe langu la miaka milioni sabini likafunguka katikati lenyewe, bila msumeno. Ndani mlikuwa na vibanzi vya mfupa, jani refu la nyasi lililokunjika, na kipande cha plastiki cha pakiti ya kitu fulani. Kikaelea. Kikajikunjua kidogo kidogo juu ya maji, upande wa maandishi ukageuka juu, na karakana nzima ikasoma kimoyomoyo:

HIFADHI MAHALI PAKAVU.

Mzee akavua lenzi. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniua, "ulimi wako haujakosea. Huu ni mfupa kweli. Ila mbwa ameshausaga." Akaeleza, kwa sauti ileile anayotumia kufundisha watoto, kwamba mbwa akila mifupa mingi choo chake hujaa kalisi, jua likikipiga kinakuwa cheupe, kikavu, kigumu, chenye vitundu. Ndiyo maana kinang'ang'ania. Yaani kipimo kilifanya kazi barabara, aliyepimwa ndiye hakuwa yule.

Watu walikuwa wanajizuia, nawapa hiyo. Walijizuia vizuri hadi kijana mmoja akauliza, kwa uso mkavu kabisa: "Mzee, hii ni ya enzi gani?"

Mzee akafikiri. Akatazama tena ndani ya beseni.

"Nadhani ni ya Jumanne."

Hapo ikawa basi. Yule dada alikaa chini sakafuni kwenye matope ya mashine. Kazi ilisimama, hakuna aliyeweza kushika jiwe kwenye gurudumu bila kujisaga kidole. Rafiki yangu alianguka kutoka kwenye ndoo, na hiyo ndiyo sababu mwisho wa video mnaona dari. Mtu anayecheka hadi anaanguka halafu anajiita shahidi!

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nilisukutua kwa maji, kwa chumvi, kwa kila kilichokuwepo. Mswaki nimeutupa. Leso nimeichoma moto. Shati nimelifua na bado nalitazama kwa mbali. Daktari alinipa dawa ya minyoo baada ya kuniuliza swali lilelile kwa namna tofauti, kisha akatoka "kuchukua fomu" na kurudi na wenzake wawili waje kusikia. Mzee amenipa lile beseni moja kwa moja, amesema nisihangaike kulirudisha. Nimenunua chupa ya kupulizia maji, ile ya kubonyeza, inatoshea mfukoni na inalowesha jiwe vizuri kuliko ulimi wa mtu yeyote. Ipo miaka yote. Watu wenye busara huwa wanatembea nayo.

Rafiki yangu nilimwambia afute ile video. Amesema atafuta nikimpatia nakala bora zaidi ya ile ya kwanza aliyoikosa.

Na kinachoniuma zaidi sasa niwaambie. Ile akiki niliyoiokota asubuhi hiyohiyo, dakika chache kabla ya maafa, iko kwenye pipa la mashine ya kung'arishia mawe, inazunguka na unga mkali wa silikoni kabaidi. Hapo itakaa kama wiki, halafu ihamie unga laini, kisha laini zaidi, kisha wa kung'arishia. Karibu mwezi mzima. Nimeichungulia jana: nyeupe, chungwa, nyeupe, chungwa, mistari myembamba inayokutoa machozi, na katikati kidimbwi kidogo cha fuwele zinazometa. Ni jiwe zuri kuliko yote niliyowahi kuokota. Nimeweka picha yake. Mtu wa kwanza kuitolea maoni ameuliza ina ladha gani.

Jumamosi tunarudi mtoni. Wenzangu wameshapanga safu bila kunishirikisha: mimi natangulia mbele peke yangu, wao wanafuata kwa mbali, wakisubiri majibu.